Kilio cha Mpita Njia Katika Beti

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, 1998, yapata saa nne na nusu za asubuhi, gari lililosheheni baruti lililipuka mbele ya Ubalozi wa Marekani katika Barabara ya Laibon, Dar es Salaam. Katika dakika zizo hizo gari jingine lililipuka nyuma ya ubalozi wa nchi hiyo katikati ya jiji la Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na wengine 85 wakajeruhiwa. Nairobi walikufa watu 213, na waliojeruhiwa walipita 4,000. Katika maiti wote hao Wamarekani walikuwa 12, nao wote walifia Nairobi. Waliobaki, yaani zaidi ya mia mbili, karibu wote walikuwa watu wetu: makarani, walinzi, madereva, wanafunzi wa uhazili, abiria wa mabasi, na wapita njia ambao hawakuwa na shauri lolote na mwenye kulipua wala na mwenye kulipuliwa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoandikwa magazetini, na ndivyo ipasavyo gazeti kuandika. Lakini msomaji aliyeisoma akiwa kwenye daladala aliikunja karatasi yake akashuka kituoni, na pengine kufikia jioni alikuwa amekwisha kuisahau tarakimu moja au mbili. Tarakimu haina mama. Waswahili wana msemo kwamba kifo cha wengi ni harusi, nao wana maana kwamba msiba ulioenea husaidiana kubebeka. Yumkini ni kweli kwa jirani. Kwa mjane wa mlinzi wa lango si kweli hata kidogo, kwani mumewe hakufa pamoja na wengine kumi. Alikufa peke yake, na kitanda kilichobaki kitupu ni kimoja.

Hapo ndipo kazi ya mshairi inapoanzia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ushairi wetu, hasa ule uliokulia katika mwambao huu wa kutoka Dar es Salaam kupitia Kunduchi, Bagamoyo na Saadani hadi Pangani na Tanga, unavyozitumia mbinu zake kulichukua teso la mtu wa kawaida pale anapovamiwa na mauti asiyoyatafuta. Wazazi wenye watoto wa sekondari watanisamehe nikianza na lawama ndogo. Watoto wetu hufundishwa mbinu hizo kama orodha ya dukani: takriri, tashbihi, sitiari, tashihisi, kinaya, balagha, taja tano, toa mfano wa kila moja, alama kumi. Mtoto akazitaja zote bila kukosea, na asijue hata moja imewekwa pale kwa ajili gani.

MIZINGA YA LEIPZIG

Mwambao huu haukusubiri mwaka 1998 kujua kishindo cha ghafla ni nini. Mnamo Agosti 1888 kampuni ya Wadachi, kwa mkataba iliyofunga na Sultani wa Zanzibar, ilikuja kushika forodha na mamlaka ya miji ya Mrima. Bendera zikapandishwa, wenye miji wakatukanwa, na watu wakanyanyuka. Pangani na Bagamoyo aliongoza Bushiri bin Salim. Saadani alikuwako Bwana Heri. Mwezi wa Septemba mwaka huo wapiganaji walipoingia Bagamoyo, manowari ya Kidachi iitwayo Leipzig iliteremsha wanamaji wake mjini, na katika mapambano hayo wenyeji zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata alikuja Hermann Wissmann na jeshi la kukodi, na mji baada ya mji ukapigwa mizinga. Maelfu ya watu wa Bagamoyo na vijiji vya jirani walikimbilia katika viunga vya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyokuwako tangu mwaka 1868, wakakaa huko na watoto wao na vyungu vyao. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890.

Mtu aendaye Bagamoyo leo ataonyeshwa makaburi ya Wadachi karibu na ufuko. Ni makaburi machache, yamepangwa, yana mawe, na mawe yana majina. Basi na aulize wako wapi wale zaidi ya mia moja wa Septemba 1888. Hakuna jiwe. Hili silisemi kwa kuwaonea waliolala pale; maiti hana ugomvi. Nalisema kwa sababu linaonyesha ni nani huandikwa na nani hafutiki kwa kuwa hakuandikwa kamwe.

Vita vile hata hivyo vilipata jiwe la namna nyingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa upande wa Tanga, mwanachuoni ambaye pia ndiye aliyetunga Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, aliandika utenzi mrefu juu ya Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Aliuandika kwa hati za Kiarabu, na katika miaka ya 1950 J. W. T. Allen aliuhariri na kuutafsiri ukachapwa. Jina lake lenyewe limebeba mwaka wa Hijria 1307, ambao ni sawa na kati ya mwaka 1889 na 1890. Yaani mtunzi hakukaa miaka hamsini ndipo akumbuke. Aliandika juu ya mambo ya zama zake mwenyewe.

Angalia chombo alichokitumia. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo hushirikiana kina kimoja, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Cha nne hubeba kina cha peke yake ambacho hakibadiliki tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho, hata ukiwa na beti mia sita. Kwa hiyo msikilizaji huenda hatua tatu mbele, kisha hurudishwa nyumbani. Hatua tatu tena, nyumbani tena. Kwa habari za vita hakuna mwendo bora kuliko huo. Habari zinaweza kwenda Pangani, zikaenda Unguja, zikarudi Saadani, watu wakafa na miji ikaungua, na sikio bado lina kamba moja la kushika. Tena tusisahau kwamba tenzi ziliandikwa zisomwe kwa sauti, barazani na majumbani, mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mvuvi na mchukuzi waliokwepa mizinga walikuwa wasikilizaji. Walisikia habari ya siku zao wenyewe ikitajwa kwa heshima ileile iliyotumika kuwataja mashujaa wa zamani.

Lakini kuna upungufu, na haifai kuuficha kwa sababu tu mtunzi ni wetu. Tenzi za vita zimerithi desturi ya kuwatazama wakubwa. Wanaosema ni majumbe, maliwali, masultani na majemadari. Mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni hupita nyuma ya jukwaa kama sehemu ya kundi, naye hana neno la kusema. Wapiganapo tembo wawili, mtungaji wa utenzi huwaandika tembo. Nyasi huumia kimyakimya. Na mlipuko wa mwaka 1998 haukuwa na tembo wawili waliosimama uwanjani kwa kupambana. Ulikuwa na nyasi tu.

KIKOMBE MEZANI

Kwa sababu hiyo shairi la beti fupi, lile la mishororo minne na kibwagizo, lina uwezo ambao utenzi hauna. Kibwagizo, ambacho wengine hukiita kiitikio au kipokeo, ni mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti bila kubadilika. (Neno hili limetokana na kubwaga, kama vile lilivyo jina la Bagamoyo kwa maelezo ya wengi, mahali pa kubwaga moyo. Sina hakika kama kuna wa kumshukuru kwa bahati hiyo, bali ni bahati njema.) Vitabu vya shule husema kibwagizo ni cha kusisitiza ujumbe. Maelezo hayo ni membamba mno. Aliyewahi kukaa matangani anajua mfiwa hasemi mambo mengi. Husema jambo moja. Wageni wakiingia husema lilelile, wakitoka hulisema tena, na usiku wa manane huwaamsha wenzake kwa lilo hilo. Kibwagizo ni jambo hilo moja. Hakikuzuliwa na walimu, kimetoka kinywani mwa wafiwa.

Nitoe mfano wa kubuni papa hapa, usio na sifa nyingine ila kwamba unahesabika mizani. Tuseme ubeti wa kwanza unamtaja karani aliyeamka alfajiri kuwahi basi la Mwenge, na mshororo wa mwisho unasema:

Kikombe kipo mezani, na chai imeshapoa.

Katika ubeti huo wa kwanza mshororo una maana ya haraka ya asubuhi na labda kunung'unika kidogo kwa mke aliyeamka kumchemshia maji mtu asiyekunywa. Ubeti wa pili unaeleza kishindo kilichotikisa vioo na majirani waliotoka nje. Mshororo unarudi vilevile, na sasa una wasiwasi. Wa tatu ni hospitali, foleni ya wanaotafuta, orodha ubaoni, mshororo unarudi. Wa nne ni siku ya tatu ya msiba, na kikombe hakuna aliyethubutu kukiosha. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni dunia iliyoyazunguka. Hiyo ndiyo takriri, na sijui njia nyingine ya fasihi iwezayo kuonyesha kwa uchumi kama huo jinsi asubuhi ya kawaida inavyogeuka kuwa ya mwisho.

Mfano huo umebeba jambo la pili, nalo ni ukubwa wa kitu kinachochaguliwa. Mtunzi mchanga akitaka kusimulia maafa makubwa hutafuta maneno makubwa: kiama, gharika, jehanamu. Msomaji huyapita maneno hayo kama apitavyo matangazo. Aliyekomaa huchukua kitu cha mkononi. Ndala moja. Kikapu cha sokoni. Kitambulisho cha kazi chenye picha. Mlipuko wa Dar es Salaam ulikuwa na kitu cha namna hiyo, na ni ajabu kwamba kilikuwapo bila kubuniwa na mtu: lori la maji. Lori hilo la ubalozi lilikuwa langoni kati ya gari la mauaji na jengo, likapokea sehemu kubwa ya kishindo, nalo jengo likanusurika kwa kiasi. Walinzi na wengine waliokuwa karibu na lango hawakuwa na kitu cha kuwakinga. Maji yaliyoletwa kwa ajili ya watu kunywa na kuoga yakawa ngao ya kuta. Mshairi hahitaji kuongeza chumvi hapo. Akilitaja lori, akataja na waliosimama kando yake, kinaya kimekwisha kukamilika.

Nairobi kinaya kilikuwa kikali zaidi. Kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mlipuko mdogo na milio ya risasi. Watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani walifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: walikwenda madirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikaingia machoni mwao. Wengi walipofuka, wengine jicho moja, wengine yote mawili. Tuna methali kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Tangu siku ile methali hiyo haisemeki jijini Nairobi kwa wepesi uleule, na mshairi aiwekaye mdomoni mwa mtu aliyepofuka hana haja ya kufafanua neno.

UBAYA WA RADI

Katika mbinu zote, ile nionayo kuwa ya hatari ni sitiari. Hakuna jambo rahisi kama kulifananisha bomu na radi, au mizinga ya manowari na tufani ya kusi. Mfano ni mzuri kwa sikio, na kwa upande mmoja ni wa kweli, maana aliyepigwa aliona hivyo: mbingu imepasuka. Lakini radi haina mtu. Radi haikodi nyumba, hainunui gari, haipakii mitungi ya gesi usiku. Wanamgambo wa Al-Qaeda waliofanya hayo mwaka 1998 walikaa miongoni mwetu kwa miezi, wakapanga, wakahesabu saa. Vivyo hivyo Leipzig haikuletwa na upepo. Ililetwa na amri. Mshairi anayesema radi imepiga, amewatoa wauaji barazani akawaacha waende zao. Teso la mnyonge likiwa limetoka mbinguni, basi mnyonge anabakiwa na subira tu, na subira ni njema, ila haitoshi mtu anapodhulumiwa na binadamu mwenzake.

Tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu, hukwepa mtego huo ikitumiwa vizuri. Ukuta ukiulizwa ulimwona nani, lango likasimulia ni nani alilisalimia kila siku asubuhi, hapo kitu kimegeuka shahidi. Shahidi humtaja mtendaji.

Ipo pia mbinu ya kumpa marehemu sauti, mtunzi akisema mimi kana kwamba ndiye aliyelala. Washairi wetu wameizoea, na ngonjera za marehemu Mathias Mnyampala zilitufundisha jinsi sauti mbili zinavyoweza kukabiliana katika shairi moja. Lakini nani ana haki ya kusema kwa kinywa cha aliyekufa? Nairobi, chini ya kifusi cha Jumba la Ufundi, mwanamke mmoja alisikika akiongea na waokoaji kwa siku kadhaa. Taifa zima la Kenya lilimsubiri. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa. Huyu alikuwa na sauti yake mwenyewe, na watu waliisikia. Kwa maoni yangu mtunzi anayetaka kumsemea angefanya staha kuandika sauti ya wale waliokuwa juu ya kifusi wakiita, na mahali pa majibu akaacha kipande kitupu. Kimya nacho kina mizani.

VINA, GUNI NA KUOSHA MAITI

Hapa tunafika kwenye ugomvi wa zamani ambao wasomaji wa kurasa za mashairi wanaukumbuka. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na wengi wakazishika kama msahafu. Miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na vita ikaanza: je, lisilo na vina na mizani ni shairi? Watetezi wa mapokeo walilikataa, wengine wakaliita guni, wengine hawakulipa hata jina hilo. Wenye kutaka mabadiliko walisema maisha ya leo hayaenei katika mizani nane kwa nane.

Mtu angedhani mlipuko wa bomu ungemaliza ubishi kwa upande wa wenye mabadiliko. Bomu huvunja, basi na shairi livunjike. Mistari itawanyike ukurasani kama vioo barabarani. Nimesoma mashairi ya namna hiyo, yapo yaliyonigusa. Ila yako mengi ambayo baada ya kuvunjavunja yamebaki vipande, na msomaji haoni kilichovunjika kilikuwa nini.

Upande wangu naegemea kwa wazee, na sababu yangu si ya chuoni. Watu wa mwambao huu wakifiwa, hata kama maiti ameletwa katika hali isiyotazamika, haoshwi ovyo. Kuna anayemwaga maji, kuna anayesugua, upande wa kulia hutangulia, idadi hutimizwa, sanda hupimwa. Hakuna anayesema kwa kuwa mwili umeharibika basi na utaratibu uharibike. Bali kadiri mwili ulivyoharibika ndivyo mikono inavyoshika utaratibu kwa nguvu, maana wakiuachia watabaki wakipiga mayowe tu. Vina na mizani ni utaratibu wa namna hiyo. Msikilizaji anapoona mtunzi anahesabu, anatimiza nane, anarudisha kina mahali pake, huku analolisema halisemeki, hujua kwamba mtu huyu anajizuia, na kule kujizuia ndiko kunakomliza. Machozi ya shairi la arudhi yako kwa msikilizaji, si kwa mtunzi.

Mshairi mmoja wa Afrika alilijua hilo kwa njia ya kwao. Kofi Awoonor wa Ghana, ambaye bibi yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za maombolezo za Waewe, alijenga ushairi wake juu ya nyimbo hizo za wazee. Tarehe 21 Septemba, 2013, alikuwa Nairobi kwa tamasha la vitabu, akauawa pamoja na watu wengine zaidi ya sitini katika shambulio la jumba la maduka la Westgate.

MIZANI YA JINA

Limebaki swali la majina, nalo si la fasihi peke yake. Mwaka 2020 serikali ya Sudan, ambayo mahakama za Marekani ziliona iliwasaidia walipuaji, ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulio hayo pamoja na madai mengine ya aina hiyo. Fedha hizo zilielekezwa kwa Wamarekani na kwa waliokuwa wakifanya kazi katika balozi zile au kwa mkataba nazo, pamoja na jamaa zao. Mpita njia wa Nairobi, aliyekuwa ndani ya basi pale taa za barabarani, au aliyekuwa akijifunza kupiga taipu katika jengo la jirani, hakuwa mfanyakazi wa ubalozi. Kidonda ni kilekile. Daftari ndilo lililomtenga. Wapo waliopofuka ambao hadi leo hawana walichopata isipokuwa fimbo.

Nairobi palipolipuka pamejengwa bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2001, na majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Hapa kwetu ipo kumbukumbu katika viwanja vya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ambayo familia nyingi zinazokwenda pale kuwaonyesha watoto fuvu la Olduvai huipita bila kusimama. Ubalozi wenyewe ulihamia mwaka 2003 kwenye majengo mapya kando ya Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, Msasani, na makabwela wengi wa Kawe hupita mbele ya ukuta wake kila siku wakienda kazini. Kenya, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili, 2015, vijana walitangaza jina moja moja na picha moja moja za wanafunzi wale, wakikataa waitwe kwa jumla yao.

Ushairi wa Kiswahili umekuwa na desturi ya majina siku nyingi, lakini kwa upande wa mtunzi. Mwisho wa utenzi mwandishi hujitaja, hutaja baba yake, kabila lake na mji wake, aombewe dua. Tena majina ya wakubwa yana bahati ya kuenea. Hesabu: Bushiri bin Salim ni mizani nane barabara, ukizipa n na m za mwisho haki yake kama sheria isemavyo. Hemedi Abdallah ni nane vilevile. Bwana Heri ni nne, nusu ya kipande, na nafasi ya kummalizia sifa ipo. Historia imewapendelea hata kwenye silabi.

Sasa mchukue mlinzi wa lango, mwenye jina lake, la baba yake na la babu yake, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Mizani kumi na mbili. Mwanafunzi wa uhazili, mwenye jina la ubatizo la Kiingereza na la ukoo la Kikikuyu: tisa, na kina hakipatikani. Mtunzi anayetaka kuwataja wote kumi na mmoja wa Dar es Salaam katika beti kumi na moja atakwama katika ubeti wa kwanza. Anaweza kukata jina libaki nusu, kama tufanyavyo kazini tunapomwita mtu kwa jina la mkoa wake au la mtoto wake. Anaweza kulisukuma jina nje ya ubeti akaweka badala yake cheo: mlinzi, dereva, mama wa watoto. Beti zitakuwa safi, mhariri atazipitisha, na waliokufa watakuwa wametajwa kwa kazi walizokuwa wakizifanya, sawasawa na walivyotajwa siku zote za uhai wao. Au anaweza kuliacha jina zima, mizani kumi na mbili, ndani ya kipande cha nane, msomaji ajikwae juu yake, na wahakiki waseme mtunzi huyu hajui kuhesabu.

Katika mashairi niliyoyasoma juu ya siku ile, wengi wamechagua cheo. Naliona chaguo hilo kuwa baya, ijapokuwa naelewa sababu yake. Mashairi ya kuwataja kwa majina kamili, pamoja na guni lake, bado yana nafasi katika kurasa za Jumapili, na mafuvu yasiyo na jiwe ya Septemba 1888 pale Bagamoyo hayana hata majina ya kuvunjia mizani.